Aliyetupitisha Juu ya Mgomba

Kamanda hakumpiga mtu kabla ya kumpitisha juu ya mgomba. Wanaomkumbuka kwa fimbo peke yake wanasahau jambo hilo, na mimi nalitanguliza kwa sababu bila mgomba huwezi kumwelewa.

Shina la mgomba lilikatwa nyuma ya ofisi ya kijiji, likamenywa maganda ya nje mpaka likabaki jeupe na lenye utelezi, kisha likalazwa uwanjani. Kijiji chetu kiko Ngara, mwendo wa asubuhi moja kutoka Nyamiaga. Siku za shamba la ujamaa, rubisi, yaani pombe yetu ya ndizi, ilikatazwa mpaka kazi iishe. Aliyechelewa, au aliyefika na macho mekundu, aliitwa uwanjani, na aliyemwita alikuwa Kamanda, mkuu wa mgambo wa kijiji.

"Mimi siulizi mdomo," alikuwa akisema. "Nauliza miguu."

Ukipita kutoka upande wa mizizi mpaka upande wa majani bila kugusa ardhi, ulirudi kwenye jembe lako bila neno lolote. Ukianguka, umelewa. Na aliyelewa siku ya kazi alikuwa kupe, mnyonya jasho la wenzake. Kupe alilazwa kifudifudi hapohapo, kando ya mgomba uliomwangusha, akachapwa.

Watu ambao hawajawahi kuonja pombe walianguka. Kijiji kizima kilijua hivyo. Lakini nani angemwambia Kamanda kwamba haiwezekani, wakati yeye mwenyewe alipita kwanza? Alivua viatu, akakunja mikono kifuani, akapita kama mtu anayetoka jikoni kwake kwenda uani, akageuka kwenye ncha, akarudi. Kisha alikaa chini kuvaa viatu taratibu na kufunga kamba vizuri, na wewe umesimama unamsubiri.

Siku moja mzee mmoja mwenye maneno mengi alimwambia, "Kamanda, hapo hata kuku hapiti."

"Kuku hajaandikishwa kijijini, mzee wangu. Pita."

Watu walicheka, na mzee naye akacheka. Kisha akapanda, akaanguka, akachapwa.

Fimbo yake ilikuwa ya mkahawa uliokauka kivulini. Aliipaka samli ili isipasuke, kwa hiyo aliyechapwa alirudi nyumbani akinuka samli. Mpaka leo harufu hiyo ikinijia ghafla kwenye nyumba ya mtu, mgongo wangu unakaza kabla sijajua kwa nini.

Shingoni, chini ya sikio la kulia, alikuwa na alama ya meno. Meno yale yalikuwa ya bibi yangu.

Wakati wa operesheni, watu waliposhushwa kutoka vilimani kuja kukaa pamoja kandokando ya barabara, Bibi alikataa kutoka. Mgambo walipanda. Waliezua nyasi za paa huku yeye amekaa ndani kwenye kigoda. Walirusha vyungu nje, wakapasua kwa shoka mtumbwi wa kukamulia ndizi aliouacha babu. Mmoja alimvuta Bibi kwa mguu, na Kamanda akampiga kijana huyo kofi lililomwangusha kwenye majivu. Halafu akaingia mwenyewe, miti ya paa ikianguka, akambeba Bibi mgongoni kama mtoto. Bibi akamng'ata shingo. Hakumwachia njia nzima, na Kamanda hakumshusha. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ile ni mawe na tope, na damu ilimshuka mpaka kiunoni, lakini hakuteleza hata mara moja. Alimweka Bibi juu ya mkeka chini ya turubai. Kisha akapanda tena kilimani peke yake, akarudi na kuku wa Bibi aliyekuwa ameatamia, na mayai amepakata kwenye kofia.

Jioni tuliona moshi kule juu. Ilikuwa nyumba ya Bibi.

Tangu hapo, kila alipopita kwetu aliinamisha shingo.

"Shikamoo, mama. Meno yako haya hapa, nayatunza."

"Marahaba. Sogea karibu niongeze mengine."

Alicheka kwa sauti, naye Bibi hakucheka. Lakini akichelewa kupita, Bibi aliuliza, "Yule mchoma nyumba anaumwa?"

Pombe hakuigusa. Nyama ya ndama hakula, na ndama akichinjwa aliondoka mahali pale. Aliwafundisha vijana gwaride kwa bunduki za mti, akiwaamuru "kuria, geuka" kwa lafudhi yetu ya huku, na aliyegeuka upande usio wake alipigwa ngwala papo hapo. Wajane wawili wa kutoka Burundi waliokuwa jirani zetu alikuwa akiwapelekea maziwa mwenyewe, akayaweka mlangoni na kuondoka kabla hawajatoka kushukuru. Kamanda huyohuyo alimtegua bega kijana wa mmoja wao, kwa sababu kijana huyo alilala lindoni. Kesho yake maziwa yalikuwa mlangoni kama kawaida.

Sasa nifike kwa baba.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alisimama mbele ya watu Jumapili akikemea rubisi, na wengine walimchukia kwa hilo. Masika moja alishikwa na kichomi. Alikohoa makohozi ya rangi ya kutu, akashindwa hata kulala chali, vijana wakambeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni. Alikaa huko mpaka homa ikaisha. Aliporudi tulifurahi, maana kikohozi kilikuwa kimebaki kidogo tu. Hatukuelewa yaliyobaki. Akiinuka kwenye kigoda alishika ukuta kwanza. Akinawa uso alikaa kupumzika kama aliyepasua kuni. Akigeuza kichwa haraka, mwili wote ulikwenda upande.

"Kifua kimepona," alimwambia mama, "ila miguu haijapata habari."

Daktari alikuwa amemwambia asishike jembe kwanza. Lakini kijijini, jioni, mjumbe wetu wa nyumba kumi aliwataja hadharani waliokosa shambani, na baba hakutaka jina lake litajwe pamoja na makupe. Alichukua jembe. Mama akamshika shati mlangoni.

"Baba wa watoto, utaanguka."

"Nikianguka nitaangukia kazini."

Njiani alikwenda akiyumba, akishika miti ya uzio. Mwanamke mmoja akawaambia wenzake, "Mtazameni mzee wa kanisa, leo kaanza mapema." Wakacheka. Kamanda alikuwa nyuma yao.

Nilikuwepo uwanjani, na kijiji kizima kilikuwepo, kwa sababu ilikuwa asubuhi ya kazi na wote tulikuwa na majembe begani.

"Kamanda, mimi natoka hospitali," baba alisema.

"Hospitali inatibu. Kama hujapona wangekutoa?"

"Kifua kimepona. Lakini nikisimama naona kizunguzungu."

"Hata mlevi anaona kizunguzungu. Pita, mzee."

Kamanda akavua viatu, akakunja mikono, akapita kama kawaida yake. Baba akapanda. Aliinua mguu wa pili, mikono ikatafuta ukuta ambao haukuwepo, akaanguka kwa ubavu. Hapo Kamanda alifanya jambo ambalo sikumwona akimfanyia mtu mwingine yeyote. Alisema, "Rudia." Nadhani alitaka baba apite. Baba akarudia, akaanguka tena, safari hii kwa uso.

Basi akalazwa. Fimbo ilitua mgongoni, palepale kichomi kilipokuwa kimekaa, na kifua kikajibu kwa kikohozi. Ikawa fimbo, kikohozi, fimbo, kikohozi, mpaka watu wengine wakaangalia pembeni. Mama alipiga kelele, mgambo wakamzuia kwa mipini ya majembe. Baba alitapika kwenye vumbi. Kamanda hakuongeza wala hakupunguza. Alimpa anachompa kila mtu, akaifuta fimbo kwa majani, akasema, "Haya, kazini."

Mgongo ulipona. Kilichokataa kupona ni jina. Habari ilifika kanisani kwamba mzee wa kanisa ameanguka juu ya mgomba, na mgomba wa Kamanda ulikwisha kuwa kama ushahidi wa mahakama. Mchungaji alimtoa baba kwenye uzee, akamtenga na meza ya Bwana. Alimwambia, "Aliyekupima akisema mbele ya watu kwamba alikosea, siku hiyohiyo nitakurudisha."

Baba alikwenda nyumbani kwa Kamanda. Nilikwenda naye, kwa sababu bado alihitaji bega la kushika.

"Sikudai chochote," baba alisema. "Fimbo nimesamehe. Nataka useme tu kwamba sikuwa nimelewa."

Kamanda alikuwa akipaka fimbo samli. Hakutukaribisha kukaa. "Nikisema mgomba ulikosea kwako," alijibu, "kesho watakuja wote niliowachapa. Nitawajibu nini?"

"Utawajibu kweli."

"Mgomba haukosei. Nenda, mzee."

Tangu siku hiyo, kila Jumapili baba alikaa nje ya kanisa, juu ya jiwe lililo chini ya dirisha. Nyimbo zote alizijua, lakini hakuimba. Alizifuata kwa midomo tu, bila sauti.

Vita vya Kagera vilipoanza, Kamanda aliongoza vijana wetu. Lori liliwachukua mbele ya ofisi. Wengine walikaa, wengine walishikilia vyuma vya bodi, wamama wakilia na kushika miguu ya watoto wao. Kamanda alisimama nyuma kabisa, mikono imekunjwa kifuani, hashiki kitu. Lori likaingia kwenye mashimo ya barabara likiruka huku na huku, naye amesimama wima mpaka wakapotea kwenye kona. Watu walipiga vigelegele. Baba alitazama bila kupepesa.

"Atarudi tu," alisema. "Lazima arudi."

"Unamwombea yule?" mama aliuliza.

"Naombea mdomo wake."

Vita vilipokwisha, mimi ndiye niliyeshikwa na kifua. Nililazwa katika hospitali ileile ya misheni, wodi ya wanaume, iliyojaa watu wanaokohoa, wengi wao wametoka mstari wa mbele. Walikuwa wamelala kwenye mahandaki yenye maji na kutembea na nguo mbichi. Siku moja waliingiza machela, na mtu aliyekuwa juu yake alikuwa mifupa na macho tu. Nilimtambua kwa alama ya shingoni. Walimweka kitanda kilicho kando ya changu. Kwa muda mrefu hakujua yuko wapi. Aliamuru gwaride, akatukana, akawapiga teke waliokuja kumchoma sindano mpaka wakamfunga miguu kwa shuka.

Homa yangu ilishuka kwanza. Nilipoambiwa nisimame, sakafu iliinuka upande mmoja kama ungo unaopepetwa. Nilikwenda hatua chache nikishika vyuma vya vitanda, kisha nikalala usingizi wa aliyelima kutwa nzima. Hapo ndipo nilipomjua baba, kwa mwili wangu.

Zamu ya Kamanda ilipofika, muuguzi wetu, mama mmoja wa Kisukuma mwenye mikono mipana, alimpa bega. Alilikataa. Akajiinua, akakunja mikono kifuani, akatoa mguu. Aliangukia meza ya dawa. Chupa zilivunjika, kioo kikampasua paji la uso. Muuguzi alipomshika kumwinua, Kamanda alimpiga ngumi ya mdomo. Muuguzi naye akampiga kofi, wodi yote ikasikia.

"Baba, hapa hakuna mgambo. Ukirudia utalala chini na shuka lako."

"Umeninywesha nini?" Kamanda alisema. Damu ilikuwa ikiingia jichoni. "Dawa gani hii inamlevya mtu?"

"Si dawa, ni ugonjwa wenyewe. Kifua kimekula nguvu zako, umelala mpaka miguu imesahau kazi. Wote humu wanayumba. Mwulize huyo jirani yako."

Kamanda alinigeukia. "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja baba. Akajivuta kitandani, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Baada ya hapo alijifunza kutembea kwa vyuma vya vitanda, akitukana kila chuma, na kila mara alipochoka alikaa mwisho wa kitanda changu akihema. Sentensi moja ilimmaliza. Alisema maneno mawili, akavuta pumzi, akasema mengine mawili.

"Baba yako," aliniuliza siku moja, "alikuwa akishika ukuta?"

"Ndiyo, Kamanda. Hata sasa, akichoka."

Akashika chuma cha kitanda, akainuka. "Usimwambie nimeuliza."

Nilirudi nyumbani kabla yake, na sikumwambia baba. Nilitaka asikie kutoka kinywa kilekile alichokiombea.

Kamanda alirudi kijijini wakati wa sherehe ya kuwapokea wapiganaji. Ng'ombe alichinjwa, ngoma zilipigwa, na mwenyekiti wa kijiji akaruhusu rubisi mchana kweupe. Uwanja ulijaa. Mchungaji alikuwa amekaa nyuma kabisa kwenye benchi, kando ya ukuta wa ofisi. Kamanda alifika akiegemea ile fimbo yake ya mkahawa. Nafasi yake ya mgambo ilikuwa imeshikwa na kijana mmoja aliyefundishwa naye, aliyeanza kunywa tangu asubuhi.

Sijui nani aliyeanza kusema, "Kamanda atupitie mgomba." Mwanzoni ulikuwa mzaha. Kisha wengi wakaitikia, na wakati bado wanaitikia shina likawa limekatwa, limemenywa, limelazwa. Kamanda angeweza kusema kwamba anaumwa. Niliona midomo yake ikitaka kusema. Lakini maneno hayo mtu mwingine alikuwa amemwambia palepale, naye hakuyakubali. Akakaa chini, akavua viatu, akakunja mikono, akapanda.

Akaanguka.

Kisha mtu akasema, "Kalewa," na kicheko kikalipuka. Kamanda akapanda tena, akaanguka tena, goti likapiga jiwe.

"Sheria ni yako mwenyewe, Kamanda," yule kijana alisema, akicheka. "Lala."

Kamanda akalala kifudifudi. Nadhani kijana alikusudia kumgusa tu kwa utani. Lakini fimbo ya kwanza ilipotua, watu walisogea, na waliosogea walikuwa wale wenye migongo iliyonuka samli. Yule mzee wa maneno mengi alimpiga teke la mbavu. Mwanamke alimpiga kwa mpini. Mwingine alimkanyaga mkono na kuuzungusha kisigino. Hapakuwa na kicheko tena, ila mihemo, na kikohozi chini ya miguu ya watu.

Baba aliingia katikati yao kwa mabega. Alisimama juu ya Kamanda, miguu ameipanua, akayumba, akasimama tena.

"Mwacheni. Huyu hajanywa. Anaumwa."

Waliacha. Kamanda alijiinua kwa magoti, uso umejaa tope na damu. Mkono wake ukaipata fimbo yake chini. Akaiinua na kumpiga baba mdomoni.

"Nani kakuomba unisemee?"

Nguvu ya fimbo ilimvuta mwenyewe, akaangukia mgomba kwa kifua. Hakuna aliyemshika. Baba alitema jino kiganjani, akalitazama, akaliweka mfukoni. Ndipo tukasikia sauti ya Kamanda, imebanwa kwenye shina la mgomba.

"Siku ile na wewe hukuwa umelewa."

"Wa nyuma hawajasikia," baba alisema.

"Nimekwisha kusema."

"Sema tena."

Kamanda alijigeuza, akakaa, mikono miwili imeshika mgomba pande zote. Nilijua pumzi zile zinamgharimu kiasi gani. "Huyu mzee hakuwa amelewa," alisema, akavuta hewa. "Nilimpiga mgonjwa." Kikohozi kikamkunja.

"Tena," baba alisema. Damu ilikuwa ikimdondoka kwenye shati, lakini macho yake hayakuwa kwa Kamanda. Yalikuwa kule nyuma, kwenye benchi.

Kamanda akasema tena, kwa sauti ya gwaride, sauti ile ya zamani, na katikati ikakatika, akaimalizia kwa kunong'ona. Kule nyuma mchungaji alisimama, akainua mkono kuonyesha amesikia.

Baba akainama kuiokota fimbo, taratibu, mkono mmoja gotini, kwa maana kuinama bado kulimzungusha kichwa. Nilidhani ataivunja. Akamwekea Kamanda mkononi.

"Inuka," alimwambia. "Mimi sitakushika."

Akasimama kando yake, mpaka Kamanda alipoinuka.